Paka na Kapu



Tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, tulibariki wanyama. Nilitaka kumleta paka wetu mwoga, mlinzi wa ghala la mahindi. Majuma mawili kabla, nilimtia kapuni kwa nguvu, akanikwaruza, akatoroka. Aliporudi, mpishi akaniambia: "Baba, liache kapu wazi jikoni, utie usipa ndani." Baada ya siku chache akaingia mwenyewe, akalala humo. Siku ya baraka alitulia.

Nikamkumbuka kijana niliyemkaripia mbele ya watu kwa kukosa Misa. Tangu Pasaka hajaonekana kanisani. Juma hili nitabisha hodi kwake, si kumvuta, bali kumwomba radhi.

Nawe, ndugu, ni nani aliyekukimbia? Mwachie mlango wazi.