Mara Tatu Kabla ya Webuye

Papa alimwomba dereva asimame Kiminini, Kamukuywa, tena Misikhu. Matatu nzima ilicheka. Mimi pia. Tulikuwa tunatoka Kitale kwenda tohara Bungoma, Agosti 2022. Nyumbani alikuwa akiamka mara tano usiku, mkojo ukidondoka tu. "Ni uzee," alisema. Alikubali kupimwa baada ya kuona damu. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika kwenye mifupa.

Mwanaume wa Kibukusu husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Papa alisimama hivyo. Lakini kidole cha daktari kilimtisha.

Tezi huvimba hata bila saratani. Kipimo ndicho husema. Siku hizi mzee akishuka kukojoa njiani, sicheki. Namuuliza polepole, "Mzee, umepimwa?"