Ukihepa Nauli, Tajiri Hahisi Kitu

Wasee wa Nairobi wakisema mtu amehepa nauli, wanaona basi limejaa, konda anapenya katikati, na jamaa wa nyuma amejifanya amelala. Huku Turkana utajificha wapi? Ukitoka Lodwar kwenda Eliye Springs umebanwa kati ya magunia ya unga na watu wanaomjua babako. Na bado watu wanahepa.

Kuna wale wa "nitalipa tukifika." Mkifika, eti anayefaa kumlipia amezima simu. Halafu kuna meseji feki ya M-Pesa. Mtu anachukua meseji ya zamani, anabadilisha saa na jina, anamwonyesha dereva haraka haraka. Inafaulu kwa sababu huku nyikani network hupotea, na dereva hawezi kuangalia kama pesa imeingia.

Kaka yangu ni makanga kwa njia ya Lodwar na Kakuma. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, ile ile, gari lijae lisijae. Mafuta yanatoka kwanza, kisha ya barabarani (mnajua naongelea nini), kisha hesabu. Kinachobaki ndio anagawana na dereva. Sasa ukihepa mia tatu, tajiri hata hajui. Imetoka kwa sahani yetu.

Simaanishi yule mama anayesema mapema, "Kijana wangu, niko na mia tu, napeleka mtoto hospitali." Huyo kaka humbeba, na hiyo si kuhepa, ni kuombana. Lakini wiki moja alipigwa na meseji feki mara mbili. Siku iliyofuata mama kama huyo akasimamisha gari akiwa na mtoto mgongoni, na kaka akamwacha kwa jua. Alidhani ni mchezo ule ule. Jioni hakugusa chakula, na mpaka leo hatujui yule mama alifika vipi. Mnaocheka na hizo screenshot kwa grupu, hapo ndipo zinaishia.

Kuna watu husema dawa ni teknolojia. Ilijaribiwa. Mwaka 2013 Google na Equity walileta kadi ya BebaPay kwa matatu za Nairobi, na 2014 serikali ikaagiza nauli zote zilipwe bila keshi. 2015 BebaPay ilifungwa. Sishangai. Nauli inapanda mvua ikinyesha, makanga anakula kutoka kwa keshi ya mkononi, na hakuna askari wa barabarani anayeomba kadi. Dar es Salaam mwendokasi ilianza 2016, na huko unakata tiketi kituoni kabla ya kupanda. Inawezekana kwa sababu kuna vituo na mageti. Weka geti Eliye tuone ngamia wakipanga laini.

Na tusiwalaumu abiria peke yao. Desemba nauli inaruka bila mtu kueleza, halafu mnashangaa mtu akiona kuhepa ni kurudisha chake? Namwelewa, ila anarudisha kutoka kwa mtu asiyefaa.

Kaka na dereva wake sasa wanafanya hivi: nauli imeandikwa kwa karatasi kwenye kioo, na kila mtu analipa stejini Lodwar, mahali network iko, kabla injini kuwaka. Dereva anasoma meseji kwa simu yake mwenyewe, sio ya abiria. Mara ya kwanza watu walipiga kelele. Mzee mmoja akauliza kama sasa wamegeuka wezi wote. Walilipa lakini. Na yule asiye na pesa anasema hapo hapo, mbele ya watu, na mara nyingi abiria wenzake wanamchangia hata kabla kaka hajajibu.

Kilichobaki ni makanga apewe mshahara badala ya mabaki. Hilo nimewauliza matajiri wawili wa magari hapa mjini. Mmoja alicheka, mwingine bado hajajibu, na ni wiki ya tatu sasa.