Nambari ya Nyanya

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka, nami niliuona ukweli wake. Likizo iliyopita nilitumwa mjini Nairobi kumpandisha nyanya gari la kuja kwetu, Githurai 45. Makanga akapiga kelele, "Githurai! Githurai!" Nikamwingiza upesi, nikaenda zangu kutazama mpira. Kumbe gari lilikuwa 44!

Ndugu msomaji, nambari hizo zilikuwa za mabasi ya Kenya Bus, kampuni iliyoanza mwaka wa 1934. Matatu, zilizoruhusiwa rasmi mwaka wa 1973, zikazirithi, na mitaa nayo ikazifanya jina. Githurai 45 iko kando ya barabara ya Thika. 44 iko barabara ya Kamiti.

Tulimpata nyanya giza likiingia, ameketi juu ya gunia lake la viazi. Hajui kusoma, ila tarakimu anazijua.

"Niliona ni nne mbili, mjukuu wangu," akasema, "lakini nikadhani wewe uliyesoma wajua zaidi."

Niliinamisha kichwa kwa aibu.

Basi wakubwa wakitaka kubadilisha nambari za magari, wawaulize kwanza akina nyanya. Hayo ndiyo maandishi pekee wanayoyasoma.