Kijeba Hajulikani kwa Ndevu

Ninafundisha michezo katika shule ya msingi hapa Nkwenda, wilayani Kyerwa, na sehemu ngumu ya kazi yangu hufanyika mezani. Pale hukaa na rundo la kadi za kliniki zilizochakaa, vyeti vya ubatizo na barua za mtendaji wa kijiji, nikitafuta umri wa mtoto mmoja mmoja. Anayedhani ukocha wa watoto ni filimbi na koni hajawahi kuandaa timu ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi.

Kwetu watu huhesabu umri kwa matukio. Mama mmoja atakuambia mwanawe alizaliwa mwaka mnyauko ulipoingia kwenye migomba yao. Mwingine atasema Kyerwa ilikuwa bado ni Karagwe, nami najua tunazungumzia kabla ya 2012. Watoto wa tetemeko ndio rahisi kuliko wote, maana hakuna mtu wa Kagera aliyesahau Jumamosi ile ya Septemba 10, 2016. Lakini wapo pia waliozaliwa kwa shangazi ng'ambo ya mto, au Uganda kupita Murongo, na wapo walioanza shule wamechelewa kwa sababu walikuwa wakichunga ng'ombe. Matokeo yake, darasa la tano moja lina kijana aliyeanza kuota ndevu na mwingine ambaye magego ya utotoni hayajamtoka. Wote wawili wanataka jezi.

Kwa hiyo mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 mimi huyafuata kwa jicho la mtu wa makaratasi.

Siku nane baada ya tetemeko, wakati huku bado tunalala kwa mashaka, Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya umri huo, waliifunga Congo Brazzaville 3-2 jijini Dar es Salaam katika mechi ya kufuzu. Waliporudiana Oktoba 2 kule Brazzaville tukafungwa 1-0. Jumla ikawa 3-3, Congo wakapita kwa mabao ya ugenini. Ikaonekana safari imeisha. Shirikisho letu la soka, TFF, likakata rufaa juu ya umri wa mchezaji mmoja wa Congo, lile la Afrika, CAF, likaagiza apelekwe kupimwa, Congo hawakumleta, wakaondolewa. Hivyo ndivyo tulivyokwenda Gabon mwaka 2017, mara yetu ya kwanza kucheza fainali zile. Tukatoka 0-0 na Mali waliokuwa mabingwa watetezi, tukaifunga Angola 2-1, kisha Niger wakatufunga 1-0. Pointi zetu na za Niger zikalingana, wao wakapita kwa sababu walitufunga tulipokutana. Sare tu ingetupeleka nusu fainali, na nusu fainali ilikuwa tiketi ya Kombe la Dunia kule India.

Kwenye vibanda umiza rufaa ile bado husimuliwa kama ushujaa. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya hapo, kwa fainali za Gambia za 2005, sisi wenyewe tulifuzu kisha tukaondolewa kwa kosa hilohilo, Zimbabwe wakachukua nafasi. Kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri, alikuwa wetu.

Wazazi huniuliza kipimo chenyewe kikoje, na wengi hudhani ni cha damu. Ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono. Mtoto anayekua ana gegedu karibu na mwisho wa mfupa wa mkono, hapo ndipo mfupa unaporefukia. Akikomaa, gegedu hugeuka mfupa na mstari wake hufungika. Madaktari wamepanga hatua sita, na ya sita ni mfupa uliofunga kabisa. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria. Kilichopo ni kwamba kipimo hiki hakisemi mtoto ana miaka mingapi. Kinamkamata tu aliyekwisha kufunga, ambaye karibu hakika amepita miaka 17. Kijana wa miaka 18 au 19 ambaye mifupa yake inachelewa hupita bila wasiwasi. Kwa wasichana hakitumiki, kwa kuwa mifupa yao hufunga mapema. Kwao kinachobaki ni karatasi.

Na karatasi ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2019 tulipokuwa wenyeji wa mashindano hayo ya Afrika, Guinea walifika fainali Dar es Salaam na kufungwa na Cameroon kwa penalti. Baadaye ikagundulika kwamba wachezaji wao wawili waliwahi kucheza mashindano Japan mwaka 2017 wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Orodha ya mashindano ya watoto iliyotunzwa mbali kabisa na Conakry ndiyo iliyowaumbua. Guinea wakafutwa, Senegal wakaenda Kombe la Dunia kule Brazil badala yao.

Kuhusu sisi wenyeji nitasema kwa kifupi, maana inauma. Tulifungwa 5-4 na Nigeria katika mechi ambayo tuliwahi kuongoza 4-3. Uganda wakatufunga 3-0, na kwa mtu anayeishi karibu na mpaka kama mimi, mechi hiyo ilinifuata sokoni kwa wiki nzima. Angola wakamalizia 4-2. Pale kibandani kila bao lilipoingia kuna aliyepiga kelele, “Vijeba hao!” Hapana. Mabao 12 katika mechi tatu ni habari ya ulinzi, na ulinzi hujengwa kuanzia darasa la tatu, kwa kumfundisha mtoto asimame wapi mpira ukiwa upande wa pili. Sisi huku tunamfundisha kukimbia na kupiga mbali.

Kelele za vijeba pia hutuficha kosa lililo halali kabisa. Kwa fainali za 2019 mchezaji alitakiwa awe amezaliwa kuanzia Januari 1, 2002. Aliyezaliwa Januari mwaka huo na aliyezaliwa Desemba wote wako sawa kisheria, ila mmoja amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima wa kula, kukua na kucheza. Wateuzi wakija hutazama nusu saa na kuondoka na warefu. Nimewaona wakimpita kijana mdogo anayegeuka na mpira kama samaki, wakamchukua beki ambaye kazi yake yote ni kuangusha watu. Miaka miwili baadaye wengine wanamfikia urefu, yeye hajui kitu kingine. Ubelgiji waliliona hilo wakaunda timu za taifa za pembeni kwa vijana wanaochelewa kukomaa, ili wasitupwe mapema. Sisi yule mdogo tunamwambia arudi mwakani, na mwakani hayupo, yuko kwenye bodaboda.

Wasichana wametuonyesha njia tofauti. Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, wakiwa na kocha Bakari Shime yuleyule aliyekwenda Gabon, waliitoa Cameroon na kwenda India mwaka 2022, timu ya kwanza ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Japan waliwafunga 4-0 katika mechi ya kwanza. Wakaamka, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, wakafika robo fainali ambako Colombia waliwatoa 3-0. Tangu hapo mabinti wa shule yangu hawaombi ruhusa kuingia uwanjani, wanaingia.

Baba mmoja alinifuata msimu uliopita, baada ya salamu ndefu na habari za kahawa.

“Mwalimu, mpunguzie miwili tu. Si wote wanafanya hivyo?”

Nikamwambia tarehe nitakayoandika leo ndiyo itakayokuwa kwenye pasipoti kesho, na ikigongana na kadi ya kliniki, anayeitwa mwongo ni mtoto. Nikamweleza ya Guinea. Akasikiliza vizuri, akasema Guinea ni mbali, akaondoka amenuna. Mwanawe sikumwandikisha kwenye timu ya shule. Nilimpeleka kwa jamaa wanaocheza ndondo Jumapili, watu wazima, anacheza winga ya kushoto. Mabeki wa huko wanampiga viatu, na krosi zake zimeanza kuwa nzuri.