Nitro au umeme? Mzee wangu na kigari cha rimoti

Haya wadau, leo siasa tuiweke kando. Nina stori ya kigari cha rimoti. Kabla hujacheka kwamba mtu mzima mwenye kitambulisho cha uandishi wa habari anahangaika na midoli, nisikilize kwanza.

Mzee wangu alikuwa fundi magari Gerezani, hapa Dar, kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2022 akapata kiharusi. Namshukuru Mungu anatembea na anaongea, ila mkono wa kulia umebaki mzito. Gereji ikaishia hapo. Siku hizi anashinda barazani akisikiliza magari yanayopita na kutuambia lipi lina ugonjwa gani. Huwa hakosei.

Mwaka jana binamu yangu aliyeko Dubai akasema anakuja likizo, nitume hela aniletee ninachotaka. Nikakumbuka vigari vya rimoti. Siyo vile vya plastiki vinavyokufa kabla Krismasi haijaisha, bali vile vya kufungua na kufunga, vyenye difu, shokapu za mafuta na vipuri vinavyouzwa kimoja kimoja. Tamiya wa Japani walianza kuviuza mwaka 1976. Nikaona hicho kitampa mzee kazi. Hela ilitosha kimoja tu, na hapo ubishi ukaanza: cha nitro au cha umeme?

Nilimwonyesha video ya cha nitro kwenye simu. Badala ya kuitazama, akaisogeza sikioni.

"Hii ni injini, mwanangu. Hicho kingine ni feni yenye matairi."

Kusema kweli alikuwa na hoja. Injini ya nitro ina pistoni, silinda, kabureta na ekzosi. Ni ya mipigo miwili kama ya Vespa za zamani, ila inaweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Plagi yake haitoi cheche. Ina waya wa platinamu unaopashwa moto kwa betri ndogo wakati wa kuwasha. Injini ikishaunguruma unaondoa betri, na methanoli ikigusana na platinamu waya unaendelea kuwaka wenyewe. Kuiseti ni kazi ya sikio: unageuza skrubu ya kabureta kidogo, unasikiliza, unatazama moshi. Mafuta yakizidi inakohoa, yakipungua inachemka na kujiua. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mzee maisha yake yote.

Tatizo ni mafuta yenyewe. Ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, mara nyingi yakiwemo ya nyonyo.

"Nyonyo?" mzee akacheka. "Bibi yako alikuwa anatunywesha tukivimbiwa!"

Akapendekeza tutie petroli na oili kama Vespa. Nikamweleza kwamba plagi ile bila methanoli inazimika. Nilizunguka Kariakoo siku mbili nikiulizia, sikuyapata. Binamu naye hawezi kuyabeba, maana vimiminika vinavyoshika moto namna hiyo haviruhusiwi kwenye ndege. Halafu piga hesabu: tangi la mililita 75 linaisha kwa kama dakika 10, kwa hiyo lita moja ni saa mbili na kitu, na injini mpya hula matangi kadhaa kabla hujaikimbiza. Tena methanoli ni sumu. Kiasi kidogo kikinywewa kinaweza kumpofusha mtu, na nyumbani kuna mpwa wangu wa miaka minne anayeonja kila kitu.

"Na umeme ukikatika?" mzee akauliza. "Umesahau mgao wa 2023?"

Sikusahau, habari zake niliziandika nikiwa gizani. Ila betri ya volti 7.4 yenye mAh 5,000 inajaa kwa kama saa moja, unaiweka akiba. Nayo inataka adabu: kila seli isivuke volti 4.2 wala isishuke chini ya 3, ikivimba usiichaji, na usiiache kwenye chaja ukaenda kulala. Moto wake hauzimiki kirahisi.

Sababu kubwa sikumwambia. Vigari vingi vya nitro huwashwa kwa kuvuta kamba kwa nguvu. Niliuwaza ule mkono wa kulia ukivuta na kuvuta mbele ya vijana wa mtaa, kisha mmoja aseme, "Lete nikusaidie, mzee." Nikaagiza cha umeme kimyakimya.

Kilipofika akakitazama, akasema, "Asante, mwanangu," akarudi barazani. Siku tatu hakukigusa. Tangu augue kila mtu anamwamulia: chakula, dawa, saa ya kulala. Na mimi nikaongeza langu.

Siku ya nne nilikuwa nakiendesha uani. Akapaza sauti, "Simamisha! Gia zinakulana."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Tukafungua. Gia ndogo ya mota ilikuwa imebana mno kwenye gia kubwa. Akachana kipande cha gazeti, akakipachika katikati ya meno ya gia hizo, akasukuma mota mpaka karatasi ikabanwa, akakaza skrubu kwa mkono wa kushoto, kisha akazungusha karatasi ikatoka. Wenye vigari hivi duniani kote hufanya hivyohivyo. Yeye hakufundishwa na mtu.

Siku hizi jioni anakiendesha mwenyewe. Rimoti ina umbo la bastola: kidole cha kushoto kinavuta, mkono wa kulia unazungusha usukani mdogo. Ndoo za mama bado zinagongwa, lakini si zote.

Juzi nikamwambia habari ya kamba. Akanyamaza kidogo.

"Ungeniuliza," akasema. "Ningekwambia uvute wewe, mimi nisikilize."

Sikuwa na jibu. Kwa hiyo mdau wa Dar ukiniuliza leo, nitakwambia chukua cha umeme, kwa sababu ya mafuta. Lakini kama unamnunulia mtu mwingine, muulize mwenyewe kwanza.