Kofia Uliyoirudisha

Mjukuu wangu,

Sisi huku Unguja wazima. Mgonjwa ni goti langu tu, nalo nimelizoea.

Juzi mama yako karudi kutoka Dar na kifurushi chako. Nikafungua, nikaikuta kofia, viua vimefika nusu, sindano bado imechomekwa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema wenzako wa chumbani wamekucheka, eti unafanya kazi za kike.

Kwanza niwie radhi. Ulipokuwa mdogo, ukishona pamoja nami ukumbini, wageni wakibisha hodi nilikuwa nakwambia uitie kofia chini ya mto. Sikukukataza, lakini nilikuficha, na mtoto akifichwa hujifunza aibu. Kicheko cha wenzako kimepita mlango niliouacha wazi mimi.

Sasa nisikilize. Kofia ni vazi la mwanamume, na huku kwetu wanaozishona kwa mkono wengi wao ni wanawake. Vitobo vidogo vidogo, kila kimoja kizungushiwe uzi, wiki zinapita na macho yanakwisha. Hao wanaokucheka huenda Ijumaa wanaingia msikitini na kazi ya akina bibi kichwani. Halafu pita sokoni Darajani uone nani anashona magauni yetu: wanaume, wamekaa na vyerehani vyao, na hakuna anayewaona wamepungua. Kushona ni kule kule. Mimi naona cherehani kiliwekwa nje, penye wateja na fedha, kikawa cha kiume. Sindano ikabaki ndani, malipo yake ya kudonoadonoa, ikawa ya kike. Baada ya hapo watu wakasema ndivyo tulivyoumbwa.

Tena mambo haya hugeuka. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, taarabu ilikuwa starehe ya wanaume. Akaja Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba, akaimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurikodi santuri. Leo kijana akipenda taarabu anaambiwa ana mambo ya kike! Watu wepesi wa kusahau.

Sikwambii ugombane nao. Mnakula sinia moja. Shona mbele yao, kimya. Atakayekuja kukuuliza bei, mtajie bei yenyewe, usimpunguzie hata shilingi.

Nawe una lako. Idi iliyopita nilikusikia ukimkaripia dada yako kwa kupiga mluzi, eti msichana hapigi. Mpigie simu umtake radhi. Anapiga vizuri kuliko wewe.

Kofia naituma tena kwa boti ya Jumamosi, na uzi nimeongeza. Nimeipima, inamwenea babu yako. Yake imechakaa ukingoni, na amekataa kununuliwa nyingine.

Ni mimi,
Bibi yako