Stima Yako Ilikuwa na Tarehe ya Mwisho

Wasee, mita ya tokeni si kikokotoo tu cha ukutani. Kila tokeni ya tarakimu 20 imebeba dakika iliyotengenezwa, iliyokuwa ikihesabiwa kutoka Januari 1, 1993, ndio mtu asiitumie mara mbili. Waliochora huo mfumo, Afrika Kusini, waliipea hesabu nafasi ya dakika milioni 16 na ushee. Nafasi ikajaa Novemba 24, 2024.

Ndio maana kabla ya hapo tulitumiwa namba tatu: mbili za kubadilisha mita, ya tatu ndio stima yenyewe. Wewe ulibonyeza ukasahau. Shosho yangu haoni vizuri, so alibonyezewa na mtoto wa jirani, tarakimu zote 60.

Mimi niliacha chuo (usiniulize), lakini naona hivi: anayeongoza mchoro wa mfumo kama huo anaamua leo nani atasumbuka miaka 31 baadaye. Hiyo kazi ningempea mtu aliyewahi kununua tokeni za mwisho za mwezi akihesabu sarafu.

Mita zilizobadilishwa sasa zinahesabu kutoka 2014. Zitajaa tena 2045.